MAONI: Semina ya hesabu isiwe mahakama

Nilipowasilisha mada yangu ya kwanza kama mwanafunzi wa uzamili wa hesabu, nilikuwa na slaidi 42. Nilikuwa nimepewa dakika 20. Huhitaji digrii kuona kwamba mambo yalikuwa yameharibika kabla hata sijafungua mdomo: kila slaidi ilikuwa na sekunde 28 hivi.

Wacha niseme ukweli. Sikutengeneza slaidi zile ili mtu aelewe. Nilizitengeneza ili mtu asipate nafasi ya kuuliza. Nilijaza milinganyo kutoka juu hadi chini, nikaokota maneno makubwa ya Kiingereza kwenye makala nilizokuwa nimesoma, nikaazima koti, nikaomba Mungu.

Mstari wa mbele waliketi wahadhiri watano. Nyuma walikuwa makomredi wenzangu, kila mmoja na simu yake. Nilipofika slaidi ya nne, mmoja wa wale wa mbele akainua mkono. "Hii herufi hapa inasimamia nini?"

Lilikuwa swali rahisi. Herufi ile ilikuwa idadi ya abiria wanaofika steji kwa dakika moja, kwa wastani. Jibu nililijua usiku, nililijua asubuhi, nililijua hata nikipanda ngazi. Lakini pale mbele ulimi ulikauka. "Samahani, Prof, nitaieleza baadaye," nikasema. Watu wawili wakacheka. Kwa dakika kumi zilizofuata niliulizwa maswali ambayo sikusikia hata moja. Mwishoni nikaambiwa nirudi nikajipange. Hakuna komredi aliyeuliza chochote. Na kama angeuliza, pengine ningemchukia.

Sikulifungua lile faili kwa miezi minne.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu najua si yangu peke yangu. Rafiki yangu mmoja, mkali wa hesabu kunishinda mbali, alipata siku mbaya kuliko yangu. Alitoka kwenye chumba cha semina akasema anaenda kununua maji, na hadi leo hajarudi chuoni. Siku hizi anauza vifaa vya simu mjini. Biashara inaenda poa, sina neno. Lakini kuna tasnifu nzuri iliyokwama ndani ya kipakatalishi chake, ikiwa imebakisha sura moja tu.

Kwa hivyo ninachosema leo ni hiki. Hesabu ya uzamili na uzamifu ni ngumu, na sisi tuliichagua tukijua hivyo. Kinachotumaliza ni kwamba siku ya kwanza tunaposimama kuieleza mbele ya watu, tunasimama tukihukumiwa. Hatujawahi kupewa mahali pa kuieleza vibaya kwanza. Kila idara ya hesabu nchini inafaa kuwa na semina ya wanafunzi, kila wiki, inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, bila alama, bila jopo, ambapo mtu anaweza kusema "sielewi" bila kuomba radhi.

Alhamisi ya chai na mandazi

Nilitolewa kwenye ile miezi minne na komredi mmoja wa takwimu. Aliniambia: "Alhamisi, saa kumi na moja jioni, kuna chumba kile chenye ubao. Njoo utuambie unachosoma. Usije na slaidi." Yeye akaleta chai kwenye thamosi, mimi nikaleta mandazi za shilingi kumi kumi.

Tulikuwa watu tisa. Wanne wa uzamili, mmoja wa uzamifu, watatu wa digrii ya kwanza ambao nadhani walifuata mandazi, na mlinzi wa jengo, aliyesimama mlangoni akingoja tumalize afunge.

Utafiti wangu unahusu foleni. Hilo ni tawi la hesabu lililoanzia kwenye simu. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, Denmark, alichapisha makala kuhusu jinsi simu zinavyoingia kwa nasibu. Kazi yake ilisaidia kampuni za simu kujua laini ngapi zinatosha ili wateja wasikwame. Leo hesabu hizo hutumika hospitalini, benki, na kwenye seva zinazokuletea hii makala unayosoma.

Ile siku ya slaidi 42 nilianza na Erlang, nikabaki huko huko Denmark. Alhamisi ile, kwa sababu sikuwa na slaidi za kujificha nyuma yake, nilianzia steji.

"Tuseme mat zinapita hapa kila baada ya dakika 10, kwa wastani," nikawaambia. "Wewe unafika steji wakati wowote tu, bila kupanga. Utangoja dakika ngapi?"

Wote wakasema tano. Jibu zuri, kama mat zinafuatana sawasawa.

"Sasa tuseme hazifuatani sawasawa. Moja inakuja dakika 2 baada ya nyingine, halafu inayofuata inachukua dakika 18, kisha 2, kisha 18. Wastani umebadilika?"

Haujabadilika. 2 na 18 ni 20, gawanya kwa mapengo mawili, unapata 10. Lakini tazama kinachompata abiria. Katika kila dakika 20, dakika 18 ziko ndani ya lile pengo refu. Ukifika bila kupanga, una uwezekano wa asilimia 90 wa kuangukia humo, na ukiangukia humo utangoja dakika 9 kwa wastani. Ile asilimia 10 iliyobaki, utangoja dakika 1. Zidisha 0.9 kwa 9, upate 8.1. Zidisha 0.1 kwa 1, upate 0.1. Jumla ni dakika 8.2.

Mat ni zile zile, wastani ni ule ule, lakini badala ya kungoja dakika 5 unangoja 8.2. Mapengo marefu hukamata watu wengi kwa sababu ni marefu.

Wa kwanza kusema kitu alikuwa yule mlinzi. "Kumbe si mimi nina laana."

Tulicheka sana. Lakini fikiria alichofanya. Alisikiliza hoja ya uwezekano, akaifuata hadi mwisho, akaihusisha na maisha yake. Makomredi na wahadhiri wangapi walikuwa wamefanya hivyo nilipokuwa na slaidi 42? Najua jibu, manake hata mimi sikuwa nimefanya.

Swali la mwaka wa kwanza

Halafu msichana mmoja wa mwaka wa kwanza, mdomo umejaa mandazi, akauliza: "Lakini hapa kwetu si mat huondoka ikijaa?"

Nikanyamaza. Modeli yangu, ile niliyoijenga mwaka mzima, ilichukulia kwamba gari linaondoka kwa wakati wake, bila kujali ni abiria wangapi wameingia. Hivyo ndivyo vitabu vilivyonifunza. Dada huyu hakuwahi kusikia jina la Erlang, lakini kila asubuhi yeye huketi kwenye mat ya abiria 14 akingoja wa mwisho apatikane.

Nikasema maneno ambayo sikuwahi kuyasema mbele ya watu chuoni: "Sijui. Tufikirie."

Tukafikiria pamoja ubaoni. Tuseme abiria wanakuja mmoja kila dakika. Wa kwanza atangoja wenzake 13, yaani dakika 13. Wa mwisho hangoji, anapanda tu gari linang'oa nanga. Wastani ni dakika 6.5. Sasa tuseme ni saa nne asubuhi, watu wamepungua, anakuja mmoja kila dakika 3. Wa kwanza atakaa ndani dakika 39. Wastani unapanda hadi 19.5.

Umeona kilichotokea? Kwenye foleni za simu za Erlang, watu wakiwa wengi ndipo unachelewa. Kwenye steji yetu, watu wakiwa wachache ndipo unachelewa. Mambo yamegeuka kabisa. Ndiyo maana kuna vijana wanaolipwa kuketi ndani ya mat wakijifanya abiria: gari likionekana linakaribia kujaa, wewe unakubali kuingia. Ujanja huo una hesabu yake, na hatukuwahi kuuona kama hesabu.

Wiki iliyofuata nilirudi maktabani, nikapata kwamba mwaka 1954 Norman Bailey aliandika kuhusu foleni ambazo watu huhudumiwa kwa kundi badala ya mmoja mmoja. Mlango ulikuwepo muda wote, ila sikujua kwamba nimesimama mbele yake. Leo swali la yule dada ndilo sura ya tatu ya tasnifu yangu, na jina lake litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani.

Mwaka mzima wa kusoma peke yangu haukunipa swali hilo. Wahadhiri watano hawakunipa. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa huru kuuliza kitu cha kawaida kabisa.

Hata wakubwa huokolewa na swali

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya wanafunzi wanaotaka kudekezwa. Hebu tuangalie wakubwa wa fani hii walivyofanya.

Moscow, kuanzia mwaka 1943, Israel Gelfand aliendesha semina ya hesabu iliyodumu miongo kadhaa. Ilifanyika Jumatatu jioni, na waliohudhuria walikuwa maprofesa, wanafunzi, hata vijana wa shule ya upili. Gelfand hakuwa mpole. Alikuwa akimkatiza msemaji, akimrudisha nyuma, akimchagua mtu kati ya wasikilizaji aseme ameelewa nini. Lakini ukali huo ulikuwa na kazi: msemaji alilazimika kueleweka na mdogo aliyemo chumbani. Ukali wa kwetu mara nyingi hufanya kinyume. Humwacha mdogo nje, na msemaji akajifunza kuficha.

Au chukua kisa cha Andrew Wiles. Mwingereza huyu alifanya kazi kimya kimya kwa miaka saba juu ya nadharia ya Fermat, swali lililokuwa limewashinda watu kwa zaidi ya miaka 350. Mapema mwaka 1993, akiwa Princeton, Marekani, aliamua kumwambia mwenzake mmoja, Nick Katz. Ili Katz akague hesabu zile bila watu kushtuka, Wiles alitangaza kozi ya wanafunzi wa uzamifu. Hakuwaambia wanafunzi safari ilikuwa inaelekea wapi. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, hadi akabaki Katz peke yake darasani.

Juni mwaka huo, Wiles alitoa mihadhara mitatu Cambridge, na habari zikaenea duniani kote kwamba Fermat amepatikana. Miezi michache baadaye, makala yake ikikaguliwa, Katz huyo huyo akawa anauliza maswali kuhusu sehemu ambayo hakuielewa vizuri. Swali moja likakosa jibu. Kulikuwa na pengo kwenye uthibitisho. Ilichukua hadi Septemba 1994, kwa msaada wa Richard Taylor, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kuliziba.

Mimi napata mafunzo mawili hapo. Kwanza, wanafunzi wa Princeton, wenye kila kitu, walitoroka semina kwa sababu hawakuambiwa inaelekea wapi. Kwa hivyo komredi anayechezea simu nyuma ya chumba si mjinga wala mvivu, ni mtu aliyeachwa njiani. Pili, mtu aliyesema "hapa sijaelewa" ndiye aliyefanya uthibitisho mkubwa wa karne ile usimame imara.

Huko Berlin, Ujerumani, wanafunzi wa uzamifu wana semina yao inayotangulia mihadhara mikubwa ya Ijumaa. Mwanafunzi huchagua neno moja litakalotumiwa na profesa mgeni, akalieleza kwa wenzake kwa lugha rahisi, ili mgeni akianza wasibaki nje. Na karibu nasi kuna vituo vya AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati iliyoanza mwaka 2003 Muizenberg, karibu na Cape Town, na ambayo ina kituo Kigali. Huko wanafunzi na wahadhiri wanaishi mahali pamoja, na swali lililoshindikana darasani linaendelea kwenye meza ya chakula. Haya mambo yanawezekana, hata hapa Afrika.

"Hatuna wakati, hatuna pesa"

Nimewahi kuwaeleza watu wazo hili, na najua majibu yao.

La kwanza ni kwamba wahadhiri wamelemewa. Ni kweli. Wanafundisha madarasa makubwa, wanasahihisha rundo la karatasi, na tunajua sote jinsi migomo ilivyovuruga kalenda za vyuo vyetu. Lakini semina ninayoizungumzia haimdai mhadhiri hata dakika moja. Inadai chumba, ubao, chaki na saa moja. Chai yetu ya wiki hiyo ya kwanza, pamoja na mandazi, haikufika shilingi mia tatu. Watu tisa.

La pili ni kwamba tutashusha viwango. Nauliza, viwango gani? Kama kiwango ni mwanafunzi kusoma slaidi kwa haraka ili asiulizwe, na kishushwe tu. Mimi sisemi jopo la kutetea tasnifu lifutwe. Liendelee, na liwe kali. Lakini hata timu ya taifa haiendi kucheza fainali bila mazoezi. Mtu aliyeulizwa "herufi hii ni nini" mara kumi na wenzake hataganda akiulizwa na Prof.

La tatu husemwa kwa kunong'ona: nikieleza utafiti wangu, kuna mtu ataiba wazo. Naelewa hofu hiyo, maana ushindani upo na kuchapisha makala si mchezo. Lakini ukisimama ubaoni mbele ya watu kumi wakajua tarehe uliyosema jambo fulani, umejilinda kuliko aliyelificha ndani ya faili. Tena kwa wengi wetu hatari ya kuibiwa wazo ni ndogo kuliko hatari ya kufa nalo.

Tufungue mdomo kwa lugha tunayofikiria

Sasa hili litawakera wengine. Kwenye ile Alhamisi nilizungumza Kiswahili, nikichanganya na Kiingereza pale nilipokwama. Sikupanga hivyo. Mlinzi alikuwa mlangoni, nikaona si adabu kumfungia nje.

Mitihani yetu ni ya Kiingereza, tasnifu ni ya Kiingereza, na makala za utafiti vilevile. Sitaki kujidanganya, lazima tukijue vizuri. Lakini kuna tofauti kati ya lugha ya kuandikia na lugha ya kuelewa. Nilipolazimika kusema "wastani", "uwezekano", "pengo" na "kundi", niligundua ni vitu gani nilivielewa na vipi nilikuwa nimevikariri tu. Neno kubwa la Kiingereza linaweza kukubeba sentensi nzima bila wewe kujua maana yake. Ukiulizwa kwa Kiswahili, huna pa kujificha.

Na maneno tunayo. Watoto wa shule za msingi Tanzania hujifunza namba tasa, kipenyo, mlinganyo na pembetatu kwa Kiswahili kila siku. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna sheria inayosema rasmi inaishia mlangoni mwa idara ya hesabu. Pale neno linapokosekana, tutalibuni ubaoni, na likikataa tutabuni lingine.

Kwa nini wewe usiyesoma hesabu ujali

Pengine umesoma hadi hapa ukisema, hiyo ni shida yenu. Ni yako pia.

Mwaka 2025 nchi nzima ilibishana kuhusu kama hesabu iwe ya hiari katika sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Watu walipaza sauti, na Serikali ikasema kila mwanafunzi atasoma hesabu ya aina moja au nyingine. Sawa. Ni nani atakayewafundisha? Ni wale waliokuwa kwenye chumba kile: wanafunzi wa digrii ya kwanza waliokaa nyuma wakiona mwenzao akichekwa, na wa uzamili watakaokuwa wahadhiri wa walimu. Mtu aliyejifunza hesabu kwa kuogopa ataifundisha kwa kutisha. Wewe mwenyewe unamkumbuka huyo mwalimu. Sihitaji kumtaja.

Na kuna siku nchi huhitaji hesabu ielezwe haraka. Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome kule Kilifi walikuwa miongoni mwa waliojenga modeli za jinsi ugonjwa ungeenea. Modeli kama hizo hazina kazi zikibaki kwenye karatasi ya wataalamu. Lazima mtu asimame amweleze waziri, mwanahabari na mama mboga kwa nini idadi ndogo ya leo inaweza kuwa kubwa wiki tatu zijazo. Kuelezea hivyo hakuanzi siku ya dharura. Kunaanza Alhamisi jioni, mbele ya watu tisa.

Jinsi ya kuanza

Sisi tumeendelea tangu siku ile. Si kila wiki, kuna wiki za mitihani na kuna wiki za msoto ambapo hata mandazi hazipatikani. Lakini tumejifunza mambo machache, na nayatoa bure.

Msemaji anapewa dakika 30, na ubao pekee. Ukitaka slaidi, moja, na iwe na picha.

Dakika tano za kwanza anasema swali lake ni lipi na linatoka wapi, kwa maneno ambayo dada yake wa Kidato cha Nne anaweza kufuata. Akishindwa hapo, tunamsaidia kabla ya kuendelea.

Swali la kwanza huulizwa na mdogo kuliko wote chumbani. Tuliiweka kanuni hii kwa sababu mkubwa akianza, wadogo hunyamaza.

Wahadhiri wanakaribishwa, ila huketi nyuma na huuliza mwisho. Mmoja alikuja kwa shingo upande, akakaa saa nzima, na alipopewa nafasi akasema kuna hatua ubaoni ambayo hata yeye hakuielewa. Wallahi chumba kizima kilishusha pumzi. Kama Prof haelewi na hajafa, basi hata mimi nitaishi.

Na mtu akisema "sijui", hakuna kucheka. Hiyo ndiyo kanuni pekee tunayoisimamia kama polisi.

Idara haihitaji kuunda kamati kwa ajili ya haya. Inahitaji kutupatia ufunguo wa chumba na kututangazia ubaoni. Na wewe komredi, usingoje idara. Alhamisi hii tafuta wenzako watatu na chaki mbili.

Yule rafiki yangu anayeuza vifaa vya simu, nimemwalika wiki ijayo atueleze ile sura iliyobaki. Alisema ataona. Nimemwambia aje bila slaidi, bila koti, na kwamba maji yapo humo humo chumbani.